Nilikiri Ili Mkokoteni Uondoke

Miaka ya sabini, tulipohamia kijiji cha ujamaa, nilichaguliwa kuwa mhudumu wa afya. Nilipewa mafunzo ya miezi mitatu na sanduku la mbao lenye klorokwini, aspirini, pamba na wembe. Katika daftari langu nilikuwa na sheria moja niliyoipigia mistari miwili: uchungu ukiingia siku ya pili, mama apelekwe hospitali.

Mke wa jirani yangu aliingia siku ya pili ya uchungu. Nilipofika asubuhi, mkokoteni ulikuwa uwani, ng'ombe wameshafungwa nira, lakini hauondoki. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni akirudia neno moja: "Mtaje. Mtoto hatoki mpaka umtaje."

Kwetu iliaminika kwamba mtoto akigoma kutoka, mama yake ametembea nje ya ndoa. Akimtaja mwanaume, njia inafunguka. Kumsafirisha kabla hajakiri ni kumuulia barabarani.

"Mayu," nilimwambia kwa heshima ya mama, "mtoto amekaa vibaya. Hospitali ya Kolandoto ni mwendo wa saa sita."

"Daktari wa aspirini, wewe mwanaume umezaa wangapi?"

Wanawake wakacheka. Mume alikuwa akichora ardhi kwa fimbo. Alikuwa mwanaume wa kubeba gunia la mahindi peke yake, na mbele ya mama yake hakuwa na mdomo.

Ndani, mkewe alisema kwa sauti iliyokauka, "Hakuna mtu. Nimtaje nani?"

Hasira zilinipanda. Nikasema, "Ni mimi."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akageukia ndani: "Ni huyu?"

Mwanamke alinitazama, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Mbwa wewe," mama mkwe akaniambia. Na kwa mwanawe: "Unangoja nini? Swaga ng'ombe!"

Walifika saa kumi jioni. Alipasuliwa, akapona, yeye na binti yake. Kijijini wakasema: mmeona? Alipokiri tu, njia ikafunguka. Uongo wangu ndio uliowapa ushahidi. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko tusi lile.

Mumewe alimrudisha kwao kidonda kikiwa kibichi. Mimi nilinyang'anywa sanduku, na hakuna mume aliyeniruhusu tena kukanyaga uwani mwake. Msimu uliofuata wa kuvuna pamba, mwanamke mwingine, nyumba tatu kutoka kwangu, aliulizwa swali lile kwa siku mbili. Nilisimama nje ya ua wa minyaa nikipiga kelele apelekwe. Walinirushia mawe. Alitaja wanaume wanne, akafa.