Mzee Bado Hajafunga Duka

Gaudensia alianza kwenda kwenye kikundi cha kusoma cha Rayners Lane, London, kwa sababu ya biskuti, na hilo hajawahi kulificha. Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya maduka ya stesheni, mwalimu mstaafu aitwaye Jaswinder alikuwa akiwasomea watu mazungumzo ya Wagiriki wa kale. Gaudensia alikusudia kula, kupata joto na kujiondokea. Badala yake akanasa.

Kilichomnasa ni yule mzee wa kitabuni, pekupeku, anayemsimamisha bwana mkubwa sokoni na kumwuliza haki ni nini. Bwana mkubwa anajibu kwa madaha. Mzee anauliza tena, kwa upole wa kuudhi, na tena, mpaka bwana mkubwa anakumbuka kwamba ana haraka ya kwenda kwingine. Gaudensia alicheka hadi machozi. Kule kwao Busia alichapwa miaka yote ya shule kwa tabia hiyo hiyo, kumbe Wagiriki waliiita falsafa.

Basi akaihamishia kazini, na makao ya wazee alikokuwa mhudumu yakaona cha moto. Ukimwambia umechoka, atataka kujua ni mwili au ni nafsi. Mpishi akijisifia mchuzi, ataulizwa kama unapendwa kwa kuwa ni mzuri, au ni mzuri kwa kuwa unapendwa. Wapishi wawili walianza kwenda kupumzikia nje kwenye baridi.

"Mama Linus, mimi nimekuuliza tu kama unataka chai," Zipporah, rafiki yake wa shifti moja, alimwambia siku moja. "Ni yes ama no. Hiyo group yako itakumaliza."

Jumamosi moja wakafika kwenye swali la rafiki aliyekuachia silaha yake umtunzie, kisha akarukwa na akili, na sasa anaitaka. Umpe? Umdanganye kwamba imepotea? Wengine walisema kuna uongo wa huruma. Gaudensia hakuwaachia hata nafasi ya kumeza chai. Uongo ni uongo, alisema, hata ukivalishwa suti. Na yeye binafsi, mbele yao wote, anaapa kwamba kuanzia Jumatatu hatasema uongo tena. Kwa nini si Jumapili? Jumapili mke wa pasta angeimba kanisani peke yake, na baadaye lazima angewauliza watu wameonaje.

Jumatatu jioni, zamu ya kumlisha Mama Shilpa ilikuwa yake. Hapo ndipo kiapo kilipomkwama kooni.

Mama Shilpa alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisumu, na kwa miaka mingi aliuza vitambaa na mumewe katika duka lao la huko. Mumewe alifariki zamani, kabla yeye hajaja London kuishi na watoto. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza na karibu kila kitu kingine, ukamwachia Kigujarati, Kiswahili na swali moja la kila jioni: mzee amefunga duka? Wahudumu Wakenya wote walijua jibu lake. Bado, Mama, wateja ni wengi leo, wewe kula kwanza. Akisikia hivyo, hula. Asiposikia, hafungui mdomo, na mwezi huo alikuwa amekonda mpaka nesi mkuu akawaonya kwamba mlo wa jioni usimpite hata mara moja.

"Gaudi," Mama Shilpa akasema, wali na dengu vikiwa mbele yake. "Mzee amefunga duka?"

Gaudensia akajitia ujanja wa Kigiriki. Kuuliza si kudanganya. "Wewe unafikiri yuko wapi, Mama?"

Mama Shilpa akamtazama kwa makini. "Mimi nakuuliza wewe, wewe unaniuliza mimi. Kati yetu nani amesahau?"

Zipporah, aliyekuwa akibadilisha shuka mle chumbani, akaziba mdomo kwa foronya.

"Tuchukue mfano wa duka, Mama," Gaudensia akaendelea, jasho likimtoka. "Duka likiwa halina mwenyewe, bado ni duka?"

"Halina mwenyewe?" Uso wa Mama Shilpa ukabadilika. "Mzee ameenda wapi? Anaumwa? Mbona hamniambii?" Akaisukuma sahani, na mikono yake midogo ikaanza kupapasa ukingo wa kiti, akitaka kuinuka aende Kisumu mwenyewe.

Gaudensia akaogopa, tena akajionea haya. Ukweli alikuwa nao mdomoni, mfupi na safi: alikufa, Mama. Angeusema, na bibi huyu angefiwa upya jioni hii, asahau, kesho afiwe tena. Naye Gaudensia angeenda Jumamosi kula biskuti zake kwa dhamiri nyeupe. Akamkasirikia yule mzee pekupeku, aliyekuwa na nafasi ya kuzurura sokoni siku nzima bila mtu wa kulisha.

Akairudisha sahani karibu. "Bado hajafunga, Mama. Kuna mteja msumbufu. Amekunjuliwa vitambaa vyote na hajui anataka nini."

Mikono ikatulia. "Anataka rangi gani?"

Hilo halikuwamo kwenye jibu la siku zote. Uongo mmoja ulikuwa umeshaomba wa pili. "Kijani," Gaudensia akasema.

"Kijani kilikwisha. Mwongo wewe." Mama Shilpa akajiweka sawa kitini, bibi wa duka tena. "Mwambie Mzee amwonyeshe bluu." Kisha akafungua mdomo.

Kijiko kikaingia. Akatafuna polepole, akameza, akafungua tena.

Zipporah akasogea na foronya yake mkononi, macho yamejaa kicheko. "Na kile kiapo, Mama Linus? Hebu tufundishe na sisi. Ukweli ni nini?"

"Zipporah," Gaudensia akasema bila kugeuka, akichota kijiko kingine, "nyamaza. Mtu anakula."