Fundi wa Basi Zima

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu, maana huwa nacheka kabla ya msikilizaji.

Kwenye basi la kutoka mtaa wa Saltley, msichana wa chuo alikuwa anamalizia programu yake kwenye laptop. Zimebaki dakika ishirini aitume, la sivyo anapata sifuri. Mama yake, nesi, akamtangazia mzee wa Kikongo: "Huyu wangu anasomea kompyuta!"

Mzee akachomoa simu. "Mwanangu, hii haitoi sauti."

"Mum, please! Hatusomei kutengeneza simu!"

"Miaka miwili chuoni, simu ikushinde?" akadakia mama.

Nikasimama kwa hasira. "Jamani, mwacheni mtoto amalize kazi yake!"

"Asante, anko," akasema msichana. "Basi na wewe chukua simu yako uliyonipa."

Nikaipokea kwa aibu, nikamnong'oneza, "Kwani umeshaitengeneza?"