Karabai ya Bonifasia Yahamia Kwenye Lori

Saa moja asubuhi, Gaspari amelala chali chini ya usukani wa lori la kijiji cha ujamaa, hapa Mugoma, wilayani Ngara. Miguu inaning'inia nje ya mlango. Betri ameshaifungua. Kila waya anaouchomoa anaufunga kamba ya mgomba: fundo moja ni taa za mbele, mawili ni honi, matatu ni breki.

Kisanduku cha fyuzi kinatoka kimeota kutu ya kijani. Anakinusa, anaguna.

"Audax! Umelinywesha lori pombe?"

Dereva Audax anakuna kichwa. Wakati wa masika alipeleka Kabanga urwagwa, pombe ya ndizi, ya mahari ya mdogo wake. Kibuyu cha mahari hakipandi nyuma pamoja na mbuzi. Hukaa mbele, kwa heshima. Kikavuja njia nzima.

"Ningekiweka nyuma, wakwe wangetusema mpaka leo," anajitetea.

"Haya, wakwe walilewa siku moja. Taa zako hazijalevuka."

Kicheko kinakatika Bonifasia anapotokea na chai. Ni mke wa Gaspari, na mkunga amesema atajifungua wiki hii. Mwaka jana, lori likiwa vitani kupeleka chakula cha askari, alishikwa na uchungu jioni. Wanaume walimbeba kwenye machela kuelekea hospitali hadi kulipokucha. Mtoto hakuwahi kulia.

"Lori liliporudi nilimshukuru Mungu," anasema. "Kumbe limerudi, halafu likapofuka."

Gaspari, aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya misheni, ameulizia kisanduku kingine Ngara mjini, akaulizia hadi Biharamulo. Tangu vita, vipuri havionekani. Kwa hiyo amechonga chake kwa mti wa mninga, akauchemsha ndani ya nta ya nyuki usinywe maji. Kilichobaki ni vishikio vya fyuzi, navyo vinataka shaba.

Shaba iliyomo nyumbani ni moja tu: karabai ya Bonifasia, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake. Haijawaka tangu utambi ulipoadimika madukani, lakini kila Jumamosi huisugua kwa majivu hadi ing'ae.

Gaspari anaikoroga chai, anaikoroga tena.

"Unaona aibu kuniomba?" mkewe anamuuliza. Anaingia ndani, anarudi nayo kifuani. "Kata upesi, moyo wangu usije ukageuka."

Mkasi wa bati unalia kutwa. Vishikio vinakunjwa, nyaya zinarudi fundo kwa fundo. Jua likiwa linazama Audax anavuta swichi. Taa ya kushoto inawaka, inaparamia migomba. Ya kulia imekataa.

"Ya kulia ni balbu, haina dawa," anasema Gaspari, sauti imefifia.

Bonifasia ameshachukua mzigo wake. Anataka akasubirie karibu na hospitali. "Moja inatosha kuliona daraja la njiani. Audax, nipishe mbele."

"Shemeji, hapo ndipo kilipokaa kile kibuyu!"

"Mimi sivuji mpaka nifike."

Gaspari anapanda nyuma, mkononi ana fyuzi za akiba.

"Mtoto akizaliwa salama, nitatafuta karabai nyingine, hata nikalime vibarua ng'ambo, Burundi," anajisemea lori likianza kutambaa. "Ile ya mama yake ndiyo inayomwangazia njia."