Beringi za Mbele

Asubuhi hiyo Gia Kubwa alipandisha gari lake kwenye jeki huku akiomba, kwa moyo mmoja kabisa, likutwe bovu. Usishangae, utamwelewa.

Jina hilo alipewa na madereva wenzake. Aliendesha malori miaka thelathini na moja, mpaka ngurumo za injini zikamla masikio. Sasa kastaafu, mkewe kafariki, na nyumba imekuwa kubwa kuliko alivyodhani. Binti yake wa pekee anaishi mwendo wa saa saba, na ana kichanga cha miezi mitano ambacho babu yake hajakitia machoni. Kila mzee akisema anakwenda, binti humjibu taratibu:

"Baba, usije na gari hilo. Siku ya mazishi ya Mama nililisikia linanguruma mbele. Beringi zimekwisha. Subiri kwanza."

"Basi nije na basi, mwanangu."

"Basi litakuvunja mgongo, Baba."

Yeye hakusikia ngurumo yoyote, lakini kwa masikio yale, angesikia nini? Akaamua kuzipima kwa mikono hizo beringi, vyuma vya duara vinavyolizungusha tairi. Akipata ubovu atautengeneza, na safari itakuwepo.

Akashika tairi la kulia juu na chini, akalitikisa. Likacheza! Jamani, mzee alicheka peke yake uani kama aliyeokota dhahabu. Ila kazi hii inataka watu wawili: mmoja atikise, mwingine akanyage breki. Tairi likiacha kucheza, ubovu ni wa beringi. Zamani mkewe ndiye aliyekaa kwenye usukani, akinung'unika kwamba sufuria iko motoni. Leo mzee alibana mpini wa fagio kati ya kiti na pedali.

"Kanyaga, mke wangu," mdomo ukamtoka kwa mazoea. Kiti kilikuwa kitupu.

Akatikisa tena. Bado linacheza. Akainama kutazama: kumbe jeki imekaa kwenye udongo laini, gari zima ndilo linayumba! Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, nalo kalifanya Gia Kubwa. Akaweka ubao chini ya jeki, akatoa fagio, akarudia. Tairi halikucheza hata kidogo.

Hakukubali. Akazungusha tairi kwa mkono mmoja, kiganja cha pili kikiwa juu ya springi. Beringi iliyochakaa hukwaruza, na mkwaruzo wake hupanda mpaka vidoleni. Hakuna kitu. Akahamia kushoto, na ubao wake. Huko nako laini tupu.

Akaketi chini, mikono imejaa vumbi jeusi la breki. Beringi zimekwisha. Subiri kwanza. Mbona maneno haya anayajua? Ni yake! Miaka yote ile, akinogewa na ulevi katika miji ya njiani, alipiga simu nyumbani: "Beringi ya mbele imekwisha, nimekwama. Mwambie mama yako mnisubiri kwanza." Na aliyekuwa akipokea ni katoto ka kike kalikoikimbilia simu kabla haijalia mara mbili.

"Linanguruma, Baba?" kalikuwa kakiuliza.

"Linanguruma sana, mwanangu."

Aibu ikamwasha mwili mzima. Alikaa pale mpaka jua likamfikia miguuni, kisha akafuta mikono, akapiga simu.

"Nimezipima," akasema. "Beringi zote nzima."

Kwa mbali kichanga kikalia, na mzee akaikandamiza simu sikioni asipitwe hata na hicho kilio.

"Najua, Baba," binti akasema. "Hata zile zako zilikuwa nzima."

Angeweza kubisha. Alikuwa na miaka thelathini na moja ya mazoezi.

"Zilikuwa nzima," akakiri. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe.

Binti hakukata simu, lakini hakusema njoo.