Nusu ya Dirisha

Mwezi wa nne mwenye nyumba alisema anakuja "kutengeneza kidogo". Nilikwenda kazini, saluni ya kusuka kule Matonge, mtaa wa Waafrika huku Ulaya, na niliporudi nilikuta ukuta mpya wa jasi umesimama katikati ya chumba changu. Ulikwenda moja kwa moja hadi dirishani na kuligawa dirisha nusu kwa nusu: nusu yangu, na nusu ya mtu ambaye hata hajafika. Kodi ilishuka kidogo tu, kama mfupa anaotupiwa mbwa.

Nakiri kwamba kilichoniudhi kwanza si wizi wenyewe. Ukuta ulikuwa umepinda. Mimi nikikosea mstari mmoja wa nywele nafumua kichwa kizima, mteja alalamike asilalamike. Hakuna mtu aliyenifundisha kusuka. Nilitazama video na kurudia mpaka vidole vikavimba. Na sasa kila siku naamka nikitazama kazi ya fundi ambaye hakujali hata kunyoosha.

Kisha jirani akaja, maman mmoja, mama wa makamo kutoka Likasi kule Katanga, anayesafisha ofisi. Hapo ndipo nilipogundua ubaya wa kweli. Dirisha letu lina mabawa mawili, na kitasa kiko kwenye bawa lake. Langu limebanwa na lake. Asipofungua yeye kwanza, mimi sifungui. Naye anaogopa baridi kuliko kifo.

Joto la mwezi wa sita lilipoingia nilishindwa kulala, na harufu ya nywele za bandia ilikuwa imenigandia. Niligonga ukuta.

"Maman, tafadhali fungua dirisha kidogo. Huku ninachemka."

"We mutoto, miye niko na makoti mbili humu! Unataka baridi iniue, ukuje kula kwa kilio yangu?"

"Maman, ni mwezi wa sita!"

"Bon, mwezi wa sita ya Ulaya. Jua ya huku inaangaza tu, haipashe muntu moto."

Nilimchukia. Nilichukia kikohozi chake, sufuria zake, maombi yake, kila kitu chake kilichoingia kwangu bila hodi. Kijijini kwa bibi, nilikolelewa, watu walijenga kwa kanuni moja: kati ya nyumba na nyumba, mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani lazima apite bila kugeuka ubavu. Aliyejenga karibu zaidi alibomoa. Asubuhi ulimsikia jirani akifagia, lakini hukusikia anachomwambia mumewe.

Jumapili nilikwenda Ganshoren anakoishi mwenye nyumba, mzee Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga ujanani na ambaye Kiswahili hakijamtoka. Kwenye metro nilikariri maneno yangu, nikayasahihisha, nikayakariri tena. Mtaa wake ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia viatu vyangu. Nyumba ilizungukwa na bustani, na kila dirisha lilikuwa wazi. Nilipima kwa macho: pale wangepishana wanawake wawili wenye kuni.

"Papa, chumba hakina hewa," nikasema. Mengine yote niliyokariri yalipotea.

"Mutoto yangu, muji imejaa. Watu wanakuja kila siku. Nitawaweka wapi?"

"Lakini dirisha moja, watu wawili?"

Akacheka kwa upole kabisa. "Aa, nyinyi mumezoea kukaa wengi pamoja. Niliona kule. Ni sisi ndio hatuwezi."

Nilimweleza kanuni ya kuni, nikaieleza vibaya, kwa kigugumizi, nikamwambia kwetu yeye angebomoa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kama chumba hakinipendezi, wako wengi wanaokitaka, akafunga lango taratibu ili lisipige kelele.

Nilirudi nikilia kwa hasira, nikamsimulia maman yote kupitia ukuta.

"Alisema tumezoea?"

"Ndiyo, maman."

"Miye? Kwa baba yangu watoto walikuwa wanacheza mpira ndani ya parcelle, kiwanja ya nyumba yetu, na kuku hawasumbuliwe!" Nikasikia kitanda kikilia, ndala zikiburuzwa, kitasa kikigeuka. "Sukuma ya kwako!"

Nikasukuma. Rangi iliyokauka kingoni ikapasuka na bawa langu likafunguka kwa mara ya kwanza tangu ukuta ule ujengwe. Kelele yote ya barabara ya Chaussée d'Ixelles iliingia, mabasi, king'ora, mtu akitukana kwa Kifaransa, na pamoja nayo hewa.

"Baridi, maman?"

"Itaniua. Lakini yule muzee hatasema nimezoea." Akapiga chafya.

Nikavuta blanketi langu kitandani, nikalitoa nje kupitia dirishani na kulizungusha kwenye ncha ya ule ukuta uliopinda, mpaka mkono wake ukalipokea.

"Moja tu?" akauliza.