Ushuhuda Wangu wa Upper Hill

Mlio wa viti vya plastiki vikiburutwa sakafuni bado hunifanya nitafute mlango kwa macho. Hata harusini, watu wakipanga viti, mimi huwa nishajua nitatokea wapi. Usinicheke, nitakueleza.

Nilikuwa kidato cha kwanza nyumba yetu ya mabati kule Kangemi iliposhika moto mama akiwa ndani. Mimi nilikuwa nimetumwa dukani. Nilirudi nikakuta moshi, nikaukimbilia mlango, majirani wakanishika. Baada ya mazishi, Anti Beatrice, dada mkubwa wa mama, alinichukua nikaishi naye mtaa wa Mountain View, katika chumba kilichonukia sabuni ya nguo alizofulia matajiri wa Lavington.

Tangu siku ya moto sikuweza kukaa penye mlango uliofungwa. Shuleni nako, kwa sababu ya kelele za magari ya Waiyaki Way, walimu waliufunga kila kipindi. Nilikuwa nikisimama ghafla na kutoka mbio, vitabu vikabaki wazi mezani. Hata nikikaa, miguu haikutulia. Anti aliniuliza kama nimemeza cherehani. Mwishowe mwalimu mkuu akasema nisirudi mpaka nipelekwe kwa mshauri. Mimi niliyependa shule vile! Niliogopa kwamba sare yangu ingeozea sandukuni.

Hivyo mimi na anti tukaanza kwenda mtaa wa Upper Hill kila Jumamosi, kwenye chumba ambamo vijana wa rika langu, kila mmoja na lake zito, waliburuta viti vya plastiki, wakaketi duara pamoja na mshauri aliyeitwa Madam Njoki. Aliuacha mlango wazi kwa ajili yangu, na anti akangoja nje kwenye benchi. Wiki za mwanzo nilikaa ukingoni mwa kiti nikitafuna kola ya sweta.

Zamu yangu ilipofika nilifanya nilichokijua. Kanisani kwetu, mtu akipatwa na jambo husimama mbele kutoa ushuhuda, na ushuhuda sharti uishe kwa ushindi. Hakuna anayekwenda pale mbele kusema bado analia. Wangu nilikuwa nimeutoa Jumapili nyingi. Wageni wakija, mchungaji aliniita, akina mama wakatoa leso, na anti alinikazia macho, midomo yake ikinifuatisha neno kwa neno. Basi pale Upper Hill nikasimama, nikanyoosha sketi, nikasema, "Bwana asifiwe!" Mvulana mmoja wa Kawangware akaitika "Amina!" kabla hajakumbuka alipo. Nikatiririka mpaka mwisho: "Na leo Mungu ameniinua, niko sawa kabisa."

Mguu wangu ulikuwa ukigonga kiti.

"Asante," Madam Njoki akasema. "Hiyo ni ya kanisa, sindio? Sasa kaa, utuambie ile haijaisha."

Nilimkasirikia kweli. Nilitaka kukimbia, na mlango ulikuwa wazi, hakuna wa kunizuia. Labda ndiyo sababu nilikaa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Sijui kama mama aliniita."

Hakuna aliyesema amina. Nililia mpaka kamasi zikanishinda, na wenzangu wakaningoja.

Sikupona siku hiyo, usidhani. Muhula uliofuata nilirudi shuleni, nikapewa dawati karibu na mlango, na siku nyingine bado nilitoka. Tofauti ni kwamba nilikuwa nikirudi ndani.

Aliyenisumbua ni anti. Siku ile, kutoka kwenye benchi, alikuwa amesikia yote. Kesho yake, Jumapili, mchungaji aliponiita, akasimama yeye. "Mchungaji, wacha huyu mtoto akae leo." Kisha akaketi bila kunitazama. Niliamini nimemwaibisha kwa kuharibu ushuhuda mzuri namna ile, nikanuna wiki nzima.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa. Nilidhani anti alikuwa akijivunia mimi mbele ya wageni. Kumbe kila Jumapili alikuja kusikia kwamba mambo ya mdogo wake, mama yangu, yameisha vizuri, na hakuwa na pengine pa kuyasikia. Siku ile alijinyima ili mimi nikae. Na Jumamosi zile zote, mimi nikilia ndani na yeye akiwa nje, mkoba magotini, si mimi, si Madam Njoki, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, "Ingia na wewe."