Faradhi ya Ami Shaibu

Kama ulikulia Riyadh wakati wikiendi ni Alhamisi na Ijumaa, na madishi ya televisheni yamejaa juu ya mapaa kuliko njiwa, basi wewe ni mwenzangu na sina haja ya kukueleza mengi. Malaz, mtaa wetu, enzi zile ilikuwa ghorofa fupi fupi, ngazi zenye harufu ya iliki na sabuni ya unga, na nje ya kila mlango lundo la viatu. Ukitaka kujua nani amekwenda kwa nani, unatazama viatu tu. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu: mimi, kaka yangu Nasri, na mdogo wetu Zuhura ambaye alikuwa hajaanza shule. Baba alikuwa karani wa stoo kwenye maghala ya Al-Sulay. Mama alikuwa mtu wa Unguja, na ndani ya milango yake ilikuwa Unguja, hata kama nje ya dirisha vumbi la jangwa limeficha jengo la pili.

Uwanja wetu ulikuwa paa. Jua likishapungua ukali tulipanda, tukacheza mdako kwa vijiwe tulivyookota kwenye ujenzi wa jirani, tukacheza rede kwa mpira wa soksi, tukajificha nyuma ya matangi ya maji. Walikuwepo watoto wa Kisudani, wa Kimisri, na wa Kisaudi wa ghorofa ya chini. Tuligombana sote kwa Kiarabu, lakini mtu akipigwa alilia kwa lugha ya kwao. Adhana ikilia, bakala la chini, lile duka la vyakula, lilishusha mlango wake wa bati, harufu ya mikate ya tamisi ikabaki hewani, nasi tukateremka mbio kwa sababu mama hakuwa na desturi ya kuita mara mbili.

Sikukuu zilikuwa na mambo yake. Nasri alipata bastola ya plastiki yenye fataki, ile ya mkanda mwekundu unaonuka kiberiti. Mama alimruhusu kuwa nayo kwa sharti moja. "Hata ya mchezo, humwelekezei mtu," alisema. Kwa hiyo Nasri alipigana vita vyake vyote na matangi ya maji, na watoto wa Kimisri walimcheka mpaka sikukuu ikaisha. Mwanangu wa leo amevaa mavisikio makubwa kuliko kichwa, anapigana na watu asiowajua walioko nchi asizozijua. Juzi alipaza sauti, "Mama, nimeuawa," nikaruka kitini na upawa mkononi. Kumbe anataka juisi.

Sasa nije kwa Ami Shaibu. Hakuwa ndugu wa baba kwa damu, alikuwa mtu wa kwao Tanga, lakini kwetu sisi alikuwa ami kuliko maami wa kwenye picha. Alikuwa dereva wa lori, akibeba mizigo kutoka Bandari ya Jeddah mpaka maghala ya Al-Sulay, na akishafika Riyadh alikuja kwetu. Tulimjua kwa makubadhi yake mapana kwenye lundo la viatu. Alituletea samaki wa Jeddah ndani ya boksi la barafu, akatuigizia nyani wa milima ya Taif wanaoomba ndizi kwa madereva, na alikuwa akimtembeza Zuhura mabegani sebule nzima mpaka mama aseme basi. Watoto wake mwenyewe walikuwa Tanga, na kila akipanga kwenda likizo, kafili wake, Msaudi aliyemdhamini kazini, alimwambia subiri kidogo. Ijumaa, baada ya kula, alijilaza kwenye mito ya sebuleni, na mama alitukataza kupiga kelele. "Mwacheni apumzike," alikuwa akisema. "Hana kwao pengine hapa."

Ijumaa moja alipata habari kwamba polisi wanapekua magari kwenye njia ya Al-Sulay, na yeye alikuwa na mzigo wa kushusha jioni ile. Baba alikuwa ameshateremka kwenda kusali Alasiri. Ami akamwendea mama mlango wa jikoni na kitu alichokizungushia shumaghi yake, kile kitambaa cha kichwa cha madoa mekundu.

"Shemeji, niwekee fardi yangu," alisema. "Nikirudi nachukua, halas."

Madereva wa njia ile walikuwa na Kiarabu chao, na kwa Kiarabu hicho fardi ni bastola. Mama hakukijua. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni na cha Kurani, na Kiswahili chake cha Unguja, na kwa vyote viwili alichosikia ni faradhi, yaani sala. Akadhani mwenzake anamkabidhi janamazi yake na tasbihi. Alipokea kwa mikono miwili. Uzito aliusikia, alituambia baadaye, lakini amana ya mtu haifunguliwi, na yeye hakuwa mtu wa kupapasapapasa vitu vya wageni.

"Mtu wa njiani masiku yote, na faradhi yake haachi nyuma," alimsifia Ami alipokwisha kuondoka. Kisha akaiweka mahali panapostahili faradhi, ndani ya kapu la ukindu tulimotia janamazi za nyumba nzima.

Mimi nilikuwa natawadha. Kutandika janamazi ilikuwa kazi ya Zuhura, na aliipenda kwa sababu ndiyo kazi pekee ya nyumbani aliyopewa. Nilisikia kitu kikigonga vigae. Nilipotokeza mlangoni, shumaghi imefunguka sakafuni na mdogo wangu amekaa chini, amekishika kile kitu kwa mikono yote miwili. Zuhura alikuwa mtoto wa kuchungulia. Tundu la kitasa, mdomo wa chupa, bomba la sinki, kote alitia jicho. Alikuwa analitia jicho lake kwenye lile tundu.

Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa sebule, kanga ya kusalia iko kichwani. Mimi nilifungua kinywa nipige kelele, akaninyooshea mkono, kiganja wazi, bila kunitazama. Halafu akasema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuuliza nani amemaliza maziwa:

"Zuhura mwanangu, njoo, kuna halua jikoni."

Zuhura akakiweka chini akaenda mbio. Halua yenyewe haikuwepo. Alilia jioni ile kwa kudanganywa, akagoma kula, na kwa miaka mingi baadaye ndilo alilolikumbuka yeye, kwamba siku moja mama aliahidi halua na hakutoa. Mama alimkumbatia akalia zaidi yake. Kisha akajifuta uso, akatoa lile sufuria kubwa la biriani, akakifunika kile kitu hapo hapo kilipo, akavuta kiti akakaa pembeni. Hakutaka kukigusa, maana hakujua kinavyogeuzwa, na hakutaka mwingine akiguse. Sisi akatupeleka kwa mama wa Kisudani wa mlango wa pili, lakini mlango wetu ulikuwa wazi na mimi niliona yote.

Baba aliporudi msikitini akakuta mkewe analinda sufuria. Alipoelezwa alikaa chini na viatu vyake miguuni, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Ndani hakikaliki, nje hakitoki. Kukitoa mtaani bila kibali ni jela, na ikama ya baba, kibali chake cha kuishi nchini, ikifutwa ndiyo sisi sote tunarudishwa. Hakuwa na la kufanya ila kumsubiri mwenyewe.

Ami Shaibu alipanda ngazi karibu na Magharibi akiimba. Aliona sufuria, akaona uso wa mama, akaacha kuimba. Alilifunua, akakishika kile kitu kama anayejua, akatoa risasi, ya mwisho ikatoka kwenye mtutu ilipokuwa imekaa tayari kufyatuka. Hiyo aliishikilia kiganjani, akaitazama.

"Una kibali?" baba alimuuliza.

"Mafi, sina," alisema, chini chini.

"Sasa ya nini?"

Akaeleza. Njia ya Jeddah ni ndefu, madereva wanalala ndani ya malori, mwenzake mmoja aliwekewa kisu shingoni akanyang'anywa mpaka viatu. Ni ya kujilinda tu. Hajawahi kuielekeza kwa mtu. Na alikuwa akisema kweli, hata leo namwamini.

"Umejilinda wewe," mama alimwambia, "ukatuletea sisi. Shemeji, mimi sikufukuzi. Nyumba hii ni yako. Lakini ukiwa nayo hiyo, usipande ngazi zangu. Siku utakapokuja peke yako, mlango uko wazi."

Sisi watoto tulidhani atakuja wiki inayofuata akiwa peke yake na mambo yaishe. Hatukujua kwamba kuitua silaha usiyo na kibali si rahisi kama kuitwaa. Akiipeleka polisi ataulizwa ameipata wapi. Akimpa mwingine, ameihamishia hatari nyumba ya mtu. Na kuitupa jangwani, nadhani hakuthubutu, kwa sababu usiku wa njiani bado alikuwa anauogopa.

Akawa anakuja na hapandi. Alisimama chini karibu na bakala na boksi lake la samaki, akapiga mluzi. Mama alitoka roshanini amejitanda, akamuuliza swali lile lile.

"Umekuja peke yako, shemeji?"

Na Ami alitikisa kichwa kwamba hapana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kanzu yake ilikuwa pana, asingejulikana, angeweza kusema ndiyo akapanda akala akalala kwenye mito yake. Hakumdanganya mama hata siku moja. Mama aliingia ndani akajaza hotipoti, kipande cha samaki kikubwa kuliko chochote alichotupa sisi, na baba akateremka nayo wakala wawili kwenye ukingo wa barabara, magari yakiwapita. Sisi tulichungulia kwenye vyuma vya roshani. Aliigiza nyani kutoka kule chini, lakini nyani wa mbali hachekeshi.

Nilimkasirikia mama. Nilimwambia ana roho mbaya, na alinijibu bila hasira.

"Shaibu nampenda. Ile aliyonayo siipendi. Akiitua apande, nitampikia mimi mwenyewe halua."

Kila usiku kabla ya kulala alitusomesha jambo lake, nasi tulilisema kwa uvivu kama watoto wanavyosema: ukikiona usikiguse, toka chumbani, niite. Hakukiita jina. Nasri alilala katikati ya sentensi. Leo nimewasomesha wanangu maneno hayo hayo, hapa Jeddah, na mkubwa ameniuliza kama hilo ni nenosiri.

Tulikua kidogo kidogo. Zuhura akaanza shule, mimi nikaacha paa na kuanza kujitazama kwenye kioo, na Ami akazeeka akiwa amesimama mtaani. Niliolewa, mume wangu akapata kazi bandarini nikahamia huku. Nasri akaenda zake masomoni, Zuhura akarudi Unguja kwa bibi. Siku hizi watu hawawezi tena mambo ya akina mama na Ami Shaibu. Rafiki mmoja wa mume wangu alikuja kwetu, koti limevimba kiunoni, nikamuuliza mlangoni kwa adabu zote. Alinuna, akageuza, na kabla lifti haijafika chini alikuwa ameshajitoa kwenye grupu la familia. Sijamwona tena. Enzi zetu mtu alikataliwa mlango, na bado alileta samaki. Aliyemkataza alijua bado anapendwa, na aliyekatazwa alijua hivyo hivyo. Sijui lilipotelea wapi hilo, na kusema kweli ninalilia kuliko paa na mdako na mikate ya tamisi.

Ulitolewa muda, mwaka fulani, kwamba wenye silaha bila kibali wazisalimishe na hawatashtakiwa. Kafili wa Ami alikuwa mtu mzima sasa na moyo umelainika. Walikwenda pamoja wakaisalimisha. Wiki ile ile Ami alikatiwa karatasi zake za kurudi Tanga moja kwa moja.

Alikwenda Malaz kuaga. Mama ndiye aliyenisimulia, kwa simu. Hakupiga mluzi, alisema. Alipanda ngazi polepole, magoti yanamsumbua, akavua makubadhi yake, na kabla hajasalimia akainua ubavu wa kanzu ili mama aone kiuno kitupu. Mama hakuwa amemuuliza. Alimkaribisha, akamwekea mito mahali pake pa zamani. Ami alikaa, akatazama sebule, akatazama mlango wa chumba chetu.

"Watoto wako wapi?" aliuliza.

Mama alisema alimsogezea mto mwingine, ndipo akamjibu.

"Wamekua, Shaibu. Wote wazima."